Tusimlaumu maskini wa Dodoma kwa kilichomo kwenye sahani yake

Kwenye kuta za zahanati zetu bango ni lile lile: matunda ya rangi rangi, kijana mwenye raba anakimbia, na maneno ya kututaka tupunguze chumvi, sukari na mafuta, tule mboga na matunda, tufanye mazoezi. Hakuna neno la uongo hapo. Lakini mama wa Chang'ombe, hapa Dodoma, anayesubiri kupimwa presha chini ya bango hilo amekuja kwa miguu, asubuhi amekunywa chai ya rangi na maandazi mawili, na mchana atakula kitakachowezekana kwa pesa ya siku hiyo. Mengi ya yale anayoambiwa aamue yalikwisha kuamuliwa na wengine: mwenye mashine ya kusaga, muuza mkaa, aliyepima viwanja, aliyechora barabara. Tukimtwisha yeye peke yake mzigo wa kubadili mtindo wa maisha, tunamwonea.

Magonjwa yaliyokuwa yakiitwa ya wakubwa yamehamia uswahilini zamani. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 wana kisukari. Asilimia 97 walikuwa hawafikii kiwango cha mboga na matunda kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni gramu 400 kwa siku. Wakati huo huo, utafiti wa afya wa mwaka 2022 unaonyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34, na katika utafiti wa mwaka huo asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, hali iliyokuwa kubwa zaidi mijini.

Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye kiribatumbo, nao wanakula chungu kimoja. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba unene ni wa aliyeshiba na udumavu ni wa mwenye njaa. Chungu chenye wanga mwingi, mafuta ya kupima na mboga kiduchu huwapa wote wawili kitu kile kile: tumbo linajaa, mwili unabaki na upungufu. Mtu mzima huongezeka kiuno. Mtoto, ambaye alihitaji protini, chuma na zinki ili akue, hubaki mfupi na darasani huchelewa kushika.

Kabla ya kuagiza ushauri kutoka mbali, tuangalie mkoa huu ulikuwa unakula nini. Chakula cha Mgogo kilijengwa kwenye nchi ya mvua kidogo, isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, inayonyesha kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili na kisha kukauka kabisa. Ugali ulikuwa wa uwele au mtama. Mboga ilikuwa mlenda, ambao ndani yake mna mimea zaidi ya mmoja, mingi ikijiotea yenyewe shambani na porini wakati wa masika. Akina mama waliuchuma, wakaukausha, wakautwanga na kuuweka akiba ili kiangazi chote nyumba isikose mboga. Ukiingia sokoni Majengo leo bado utaukuta, unga wa kijani uliofifia, ukipimwa kwa kopo. Unachemshiwa maji, unatiwa magadi kidogo, nyanya, na karanga zilizosagwa kwa mwenye nazo. Kando yake kulikuwa na maziwa ya mgando, kunde, na ubuyu kwa watoto.

Chakula hiki kikitazamwa kwa jicho la mtaalamu wa lishe, kinasimama vizuri kabisa. Uwele una chuma na zinki kuliko sembe kwa mbali. Mtama usiokobolewa una nyuzinyuzi nyingi, na ugali wake haupandishi sukari ya damu kwa kasi kama ule wa mahindi yaliyokobolewa. Majani ya mlenda yana chuma, kalsiamu na vitamini A, nayo vitamini hiyo hudumu zaidi majani yakikaushwa kivulini kuliko yakianikwa juani. Unga wa ubuyu una vitamini C kwa wingi, na vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye nafaka na majani. Bibi aliyemchanganyia mjukuu ubuyu kwenye uji wa uwele alikuwa anafanya kazi ambayo leo tunaiandikia miradi.

Nini kilitokea? Kwanza, ardhi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, mji umetanuka kwa kasi ambayo wenyeji hawakuwahi kuiona, na sensa ya mwaka 2022 ililikuta Jiji la Dodoma lina zaidi ya watu 765,000. Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa na Mtumba vilikuwa vijiji vya kulima na kuchunga, na sasa kuna vigingi vya viwanja, kuta na barabara za lami. Familia iliyolipwa fidia imejenga vyumba viwili vya kupangisha, imemnunulia kijana bodaboda, pengine imehamia pembezoni zaidi. Mthamini alihesabu nyumba, miti na mazao. Mboga za kujiotea hazilipiwi fidia, na hakuna aliyeuliza mama wa nyumba hiyo atapata wapi mlenda msimu ujao. Sasa anaununua, na siku pesa isipotosha, mboga ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Nadhani hili ni pengo kubwa katika namna tunavyoujenga mji huu, na halizungumzwi.

Pili, heshima. Mtama na uwele vimehubiriwa kwa miaka mingi kama mazao ya kukinga njaa. Ni kweli vinastahimili ukame, lakini mahubiri hayo yamewaachia watu picha kwamba hivi ni vyakula vya mwaka mbaya. Mgeni akifika nyumbani anapikiwa wali au sembe nyeupe, na mtama unabaki jikoni. Mkulima naye ana hesabu zake: mtama unataka kulindwa dhidi ya ndege aina ya kwelea kwelea, na mtama mweupe ukivunwa una wanunuzi wa viwanda vya bia wanaoulipia papo hapo. Unga wake unaorudi mjini umefungwa kwenye pakiti nzuri, unauzwa kwa bei inayozidi sembe, na wanunuzi wake ni watu wenye uwezo walioambiwa na daktari wapunguze sukari. Chakula cha kijijini kimegeuka kuwa chakula maalumu cha wenye nacho, ndani ya mkoa ule ule unaokizalisha.

Hapo ndipo sembe ilipotamalaki, na hapo pia ndipo ushauri mwepesi unapoweza kudhuru. Mara nyingi tunawaambia watu: acheni sembe, kuleni dona. Kwa lishe ni sawa. Kukoboa kunaondoa pumba na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini. Kwa mfuko pia ni sawa, maana anayekoboa analipa mara mbili, kukoboa na kusaga, kisha sehemu nzuri ya mahindi yake inabaki mashineni kama pumba za kulishia mifugo.

Lakini hapa kwetu kuna jambo la tatu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walianza kuumwa ini ghafla: macho ya njano, tumbo kuuma na kujaa, kutapika. Wagonjwa 68 walitambuliwa na 20 wakafariki dunia. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, hasa mazao yakiumia kwa ukame shambani, yakianikwa kwenye udongo mtupu au yakihifadhiwa kabla hayajakauka sawasawa. Sumu hii haiondoki kwa kupika. Na kwa kuwa sehemu kubwa yake hukaa kwenye pumba na kiini, mtu anayesaga dona ya mahindi mabovu anaila nyingi kuliko aliyekoboa.

Kwa hiyo bango linalosema kula dona, likaishia hapo, halitoshi Dodoma. Dona salama huanzia shambani: mahindi yaanikwe kwenye turubai au kichanja, yakaushwe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kabla ya kwenda mashineni yachambuliwe punje moja moja, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zenye ukungu zikitupwa. Zisipewe kuku wala kupikiwa pombe. Karanga za kuunga mlenda nazo zichambuliwe hivyo hivyo. Anayenunua kilo moja ya unga kila jioni kwa mpimaji wa mtaani hawezi kuchambua chochote. Yeye anategemea uangalifu wa mtu mwingine aliye mbali, labda mfanyabiashara wa soko la Kibaigwa. Turubai kwa mkulima mdogo na kipimo cha unyevu kwenye kila mashine kubwa ya kusaga vitafanya kazi kuliko mabango elfu. Nashangaa kwamba katika mkoa uliozika watu kwa sababu ya mahindi mabovu, kipimo cha unyevu bado kinaonekana kama kifaa cha watafiti.

Sasa twende mchana, kwa mama lishe. Nadhani hatujamwelewa huyu mama kwa kiwango anachostahili. Maelfu ya watu wa kipato cha chini wa mji huu hawapiki mchana. Fundi, saidia fundi, kijana wa bodaboda, mbeba mizigo wa sokoni, mlinzi anayepokea zamu, wote wanakula kwake. Kaa kwenye banda moja kati ya yale yanayozunguka maeneo ya ujenzi upande wa Mtumba ikifika saa sita. Majiko mawili ya mkaa, sufuria ya wali, sufuria ya ugali, maharage, nyama ya kuhesabu vipande, na beseni la mchicha ulioungwa. Sahani inashushwa: ugali mkubwa, upawa wa maharage, na mchicha wa kijiko kimoja pembeni. Juu ya mchuzi mafuta yanang'aa, kwa sababu mchuzi usiong'aa mteja anauona wa mkono wa birika. Kopo la chumvi liko mezani, na mkono wa kwanza unalifikia kabla ya kuonja.

Ni rahisi kumlaumu. Ila mfuatilie hesabu zake. Mchicha unataka kuoshwa maji mengi, na maji ananunua kwa dumu. Mchicha ukibaki leo hauuziki kesho, wakati mchele na unga havina haraka. Mbogamboga kiangazi zinapanda bei kwa sababu zinatoka kwenye bustani chache zenye kisima au bwawa, kama zile za upande wa Hombolo, au zinasafirishwa kutoka mikoa jirani. Maharage yanakula mkaa saa nzima na zaidi. Mteja naye amebeba zege tangu saa moja asubuhi, anataka kushiba kwa shilingi 2,000 na arudi kazini. Akipunguza ugali, mteja anahamia banda la jirani. Juu ya hayo yote banda lenyewe halina uhakika. Kesho mgambo wanaweza kupita.

Ukiyajua hayo, hatua za kuchukua zinaonekana zenyewe. Bomba moja la maji kwa mabanda kumi litaongeza mboga kwenye sahani kuliko semina ya siku tatu. Maharage, kunde na choroko vikilowekwa usiku hupungua muda wa kuiva, na mkaa unaookolewa ni pesa ya mboga. Mlenda mkavu hauozi, hauhitaji kuoshwa kwa madumu, na upo kiangazi chote, hivyo kwa mama lishe ni mboga yenye faida kuliko mchicha, kama atapata mahali pa kuununua kwa jumla kutoka vikundi vya akina mama wa Chamwino au Bahi. Kopo la chumvi linaweza kuondoka mezani bila kumgharimu mtu senti, anayelitaka ataliomba. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya wanawake, iwe na dirisha la wauza chakula: jiko linalobana mkaa, sufuria yenye mfuniko unaobana, beseni na kabati la kuhifadhia. Na apewe mahali pa kudumu. Mtu anayefukuzwa kila mwezi hana sababu ya kujifunza upishi mpya.

Kuna mnunuzi mwingine mkubwa wa chakula Dodoma ambaye hatumhesabu, naye ni Serikali yenyewe. Huu ni mji wa vikao, mafunzo na semina. Kila siku ya kazi kuna chai ya saa nne inayolipiwa na fedha za umma, na mara nyingi juu ya meza kuna sambusa, maandazi, soseji na soda. Wapo wanaoandaa viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo na karanga, na watu hula wakamaliza. Hilo likiwa ndilo agizo la kawaida kwa wapishi wote wanaohudumia ofisi za umma mjini hapa, likiongezwa juisi ya ubuyu au ukwaju isiyojazwa sukari, na ugali wa mtama siku moja kwa wiki kwenye migahawa ya wizara, mkulima wa Kongwa atapata soko na mtama utapanda cheo mbele ya macho ya watu. Mtoto wa Nkuhungu akiona mkubwa wa wizara anakula mlenda, hataona haya kuula kwao.

Shuleni mambo ni ya karibu zaidi na moyo wangu. Wazazi wanachanga mahindi, maharage na pesa ya kuni kwa ajili ya uji na makande. Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni upo tangu mwaka 2021, na shule nyingi zinajitahidi. Lakini uji mwingi ni wa mahindi na sukari tu. Kamati ya shule inaweza kukubaliana kwamba sehemu ya mchango iwe uwele au mtama, kwamba karanga zichambuliwe na wazazi wenyewe kwa zamu kabla ya kusagwa, na kwamba kijiko cha unga wa ubuyu kitiwe kwenye kikombe uji ukiwa umeshapoa kidogo, maana moto mkali unaharibu vitamini C. Wauzaji wa getini, wenye barafu za rangi na chipsi za pakiti, wasifukuzwe. Waitwe, waambiwe shule inataka matikiti ya vipande, mapera, karanga za kuchemsha na mihogo ya kuchemsha, na watakaokubali wapewe nafasi ya ndani ya uzio.

Kwenye mazoezi nitakuwa na maneno makali kidogo. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Ulikuwa uamuzi mzuri na uliwatoa watu nje. Tangu hapo zimekuja mbio nyingi za kulipia, zenye fulana na medali, na vikundi vya kukimbia vya maofisini. Sina ugomvi navyo. Ila tusijidanganye kwamba ndivyo vitakavyomfikia muuza nyanya wa Mnadani. Jumamosi kwake ni siku ya biashara, na ada ya mbio ni chakula cha nyumba nzima kwa siku kadhaa.

Tuanze na kutofautisha watu. Saidia fundi anayepandisha ndoo za zege ghorofani hana upungufu wa mazoezi. Anachokosa ni maji ya kunywa, kivuli na usingizi. Mama anayelima Chemba na kuchota maji kwa mwendo mrefu, naye vivyo hivyo. Wanaokaa siku nzima ni wengine, nao ni maskini pia: kijana wa bodaboda anayeketi juu ya pikipiki kwa muda wa saa kumi na mbili, fundi cherehani, mama wa genge, mlinzi wa getini, mtoto ambaye mtaa wao haujaachiwa hata kiwanja cha kuchezea. Hao ndio wa kuwaza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kwa kiwango cha wastani kila wiki, na mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba lazima iwe dakika kumi mfululizo. Kutembea haraka kwenda sokoni kunahesabika. Kudeki kunahesabika. Ngoma inahesabika.

Kutembea ndilo zoezi ambalo maskini analo tayari, na mji unazidi kumnyang'anya. Inasikitisha ukikumbuka historia. Mpango mkuu wa makao makuu wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni kutoka Toronto, Kanada, uliutazamia mji ambamo mtembea kwa miguu, baiskeli na basi vinatangulia mbele ya gari binafsi, na maeneo ya kijani yanapita katikati ya makazi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa mwaka 2017, viwanja vikaendelea kugawiwa, na leo mahali pengi njia ya miguu ni ukingo wa vumbi kati ya lami na mtaro. Mchana jua linachoma bila mti; usiku hakuna taa, na mwanamke hathubutu. Tunajenga barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3, kazi kubwa na yenye maana kwa malori. Naomba kilomita chache tu za njia ya miguu yenye miti na taa, kutoka Nkuhungu, Chang'ombe na Kizota hadi sokoni, shuleni na zahanati. Kampeni za kuikijanisha Dodoma zimepanda miti mingi. Ipandwe pale watu wanapotembea, kisha imwagiliwe kiangazi hadi ishike.

Bustani ya Chinangali ni nzuri, lakini mkazi wa Nala hawezi kulipa nauli ya daladala kwenda na kurudi ili akatembee. Kiwanja cha shule ya msingi ya mtaani kwake kiko karibu, na saa kumi na moja jioni kimefungwa. Kikifunguliwa kwa saa mbili, chini ya mwangalizi anayelipwa posho ndogo na serikali ya mtaa, wasichana wakapata nafasi yao ya rede na netiboli bila kusukumwa na wavulana wa mpira, mtaa umepata uwanja bila kununua ardhi.

Kuhusu akina mama, wanaobeba sehemu kubwa ya uzito uliozidi, tusiwalazimishe kukimbia barabarani kwa suruali za mazoezi. Wengi hawataki, na wana haki ya kutotaka. Dodoma ina ngoma. Muheme hupigwa na akina mama wenyewe, ngoma katikati ya mapaja, mabega na miguu vikifanya kazi hadi jasho linatiririka. Vikundi vya vikoba hukutana kila wiki. Nusu saa ya ngoma kabla ya kuhesabu hisa, wiki baada ya wiki, ni zoezi la kweli, lina kicheko ndani yake, na hakuna mume atakayeuliza maswali. Kwaya za makanisani na vikundi vya kaswida navyo vina nafasi yake.

Namna ya kufundisha nayo tuliwahi kuijua. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio na vikundi vya kujisomea, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa chini ya mti, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini wiki hiyo: kuchimba choo, kufyeka, kupanda bustani. Nguvu ilikuwa kwenye kuamua pamoja. Leo tuna mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima. Mhudumu huyo akipewa mashine ya kupimia presha, futi kamba ya kiuno na ruhusa ya kuitisha mazungumzo kwenye vikoba, kijiwe cha bodaboda na mabanda ya mama lishe, ataanzisha majadiliano ambayo bango haliwezi.

Fedha? Kwa miaka kadhaa sasa halmashauri zimetakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na utekelezaji wake umo kwenye mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa husaini na kupimwa nayo. Mkataba huo umesaidia, kwa sababu kiongozi anajua ataulizwa. Sioni kwa nini usiongezewe vipengele vichache vya watu wazima na vya mtaa: mabanda mangapi ya chakula yana maji, shule ngapi zina uji wenye nafaka isiyokobolewa na karanga zilizochambuliwa, mashine ngapi za kusaga zina kipimo cha unyevu, viwanja vingapi vya shule vinafunguliwa jioni. Ni vitu vinavyohesabika kwa macho, na diwani wa kata yoyote ya Dodoma anaweza kuviulizia kwenye baraza kabla bajeti haijapitishwa.